Mama anamwombea kaka yangu mkataba, mimi naomba afukuzwe

Admin, naomba usiweke jina langu. Niko na miaka kumi na minane, nilimaliza Form Four mwaka jana na sasa niko nyumbani Kitengela nikimsaidia mama dukani. Mimi si mtu wa kuongea, hata kanisani hukaa karibu na ukuta. Hili sijamwambia mtu yeyote. Kila Jumapili mama akipiga magoti kumwombea kaka yangu aongezewe mkataba, mimi huwa nimepiga magoti kando yake nikimwomba Mungu huyo huyo kaka yangu afukuzwe kazi.

Kaka yangu nitamwita Lemayian, ingawa si jina lake. Anacheza hoki ya barafuni huko Amerika, ule mchezo wa kuteleza kwa viatu vyenye makali ya chuma wakifukuza kisahani cheusi kwa fimbo. Alianza na viatu vya magurudumu hapa kwa lami ya estate yetu, kisha akawa anaenda Nairobi kulikokuwa na kiwanja kidogo cha barafu. Kocha mmoja mgeni alimwona huko akamtafutia shule ng'ambo. Watu wa huku wanafikiri yeye ni staa kama wale wa mpira wa Uingereza. Ukweli ni kwamba anacheza ligi ya chini. Wanalala ndani ya basi wakitoka mji mdogo kwenda mji mwingine mdogo, na ukiumia unaachwa, kwa sababu kuna vijana wengi wanangoja nafasi yako. Ameshapitia timu nne.

Akiwa timu ya pili, kocha alimwambia wa kufunga mabao wako wa kutosha, yeye awe wa kupigana. Sikujua mchezo unaweza kuwa na mtu wa kazi hiyo. Mchezaji wa upande ule akimgonga mfungaji wao vibaya, Lemayian ndiye anaenda kumlipizia. Wanatupa glavu chini, wanashikana jezi, wanapigana ngumi za uso, na refa anasimama tu akingoja mmoja aanguke. Mashabiki wanapenda hapo kuliko mabao. Huyu ni kijana ambaye akiwa mdogo, wenzake wakianza kugombana, alikuwa anakuja kujificha dukani nyuma ya mama.

Baba hununua na kuuza ng'ombe. Siku ya soko la Bisil anabeba simu kuwaonyesha wazee wenzake wa Kimaasai video za hizo ngumi, na wanairudia ngumi ya mwisho mpaka betri iishe. Anawaambia, "Si mlisema siku hizi hakuna moran? Huyu wangu ni moran wa friji." Wanacheka sana. Mjomba anazituma kwa group ya ukoo na watu wanaandika aongeze ngumi. Mama hugeuza uso, lakini anasema huo ni mchezo tu, wangekuwa wanaumizana kweli serikali ya huko ingekataza.

Mwaka huu Lemayian alianza kunipigia video akiwa gizani. Nilipomuuliza, akasema taa inamuumiza macho, na kwamba baada ya mechi hukaa bafuni amezima kila kitu mpaka kichwa kitulie. Daktari wa timu akimuuliza, anajibu yuko sawa. Siku moja aliniuliza Simba anaendelea aje. Simba alikuwa mbwa wetu. Alikufa kabla Lemayian hajasafiri, na ni yeye aliyemchimbia shimo nyuma ya tangi la maji. Nilidhani ananitania. Nikangoja acheke, hakucheka. Nikamwambia Simba yuko sawa.

Nilimsihi arudi nyumbani. Akaniambia, "Kadogo, nirudi nikuwe nani? Hapo Kitengela nitateleza wapi? Na usimwambie mum. Akinipigia akilia, siwezi ingia kwa barafu na hiyo sauti."

Nikaahidi.

Wiki iliyopita alipata mkataba mpya wa timu nyingine, tena wa ligi iliyo juu kidogo, ambako wale wa kupigana ni wakubwa kuliko yeye. Alinipigia akinieleza kwa furaha. Akasema jezi yao ni ya njano kama mtungi wa maji, mama atamtambua hata akimtazama kutoka Namanga mpakani. Nikampongeza. Chai yangu haijapoa, akapiga tena. "Kadogo, kaa chini nikuambie kitu hujui." Akanieleza mkataba wote upya, na ule utani wa mtungi, akacheka mahali pale pale. Nikashangaa kama mara ya kwanza. Nilicheka pia.

Jumapili mama alisimama kutoa ushuhuda na kanisa lote likapiga makofi na vigelegele. Baba amechagua fahali wa kuchinja, na jamaa zetu wa Kajiado watakuja. Pasta naye amesema Jumapili inayokuja nipewe maikrofoni nimwombee kaka yangu mbele ya watu wote, na mjomba atarekodi amtumie. Mama ameninunulia nguo. Anasema hapo ndipo nitaanza kuzoea kuongea mbele za watu.

Nikimwambia mama ukweli, atampigia akilia, kazi ya Lemayian imeisha na hatanisamehe, na hakuna kitu kingine anachojua kufanya. Nikinyamaza, nitaendelea kumpongeza mpaka siku atakayonipigia aniulize mimi ni nani. Nimetafuta maneno ya katikati, nimekosa. Nishaurini, nikishika hiyo maikrofoni niombe nini?

Na tafadhali, najua mko wengi na wengine wenu ni wa huku kwetu. Kama umetambua ni nyumba gani, usimtumie mama hii, wala usimuulize baba sokoni. Nitunzieni siri. Jana nilimuuliza Lemayian kama kichwa bado kinauma, akaniuliza ni nani aliniambia kinauma.