Nilivaa kibao cha adhabu mbele ya wanafunzi wangu Ngenge, na mpaka leo sijaomba msamaha

Wakuu, salaam kwenu nyote.

Juzi humu kuna mtu kaandika kwamba hizi fellowship za kuwapeleka wanachuo kufundisha vijijini ni utalii wa watoto wa mjini. Nimesoma comments zote. Mwanzoni nilicheka, baadaye nikakasirika, ndiyo maana naandika.

Majina nimebadilisha na shule siitaji. Mengine yote ni kama yalivyonikuta. Asiyeamini apite tu, sitagombana naye.

Mimi ni binti wa Kashai, Bukoba mjini. Baba ana duka la vitambaa. Chuo nilikuwa nasoma uhasibu, na baba mdogo alishaniandalia nafasi ya kazi Mwanza nikimaliza. Ualimu sikuwahi kuuwaza. Fellowship niliiomba kwa sababu likizo ilikuwa ndefu na niliona itapendeza kwenye CV.

Nikapangiwa sekondari moja Ngenge, wilayani Muleba. Vijijini hasa, wazazi karibu wote ni wakulima. Nikapewa Form One, somo la hesabu.

Wakuu, lile darasa lilikuwa kimya.

Kimya cha kutisha. Nafundisha, nageuka, nauliza "Any question?" Hakuna. "Have you understood?" Wote kwa pamoja: "Yes, madam!" Nikisahihisha madaftari, hakuna kitu.

Walimu wenzangu wakaniambia nisijisumbue, hao ni wazito.

Siku moja niliandika tena ubaoni "Find the value of x", kama nilivyokuwa naandika wiki nzima. Kulikuwa na binti anakaa mbele, nimwite Koku. Mtoto makini, anaandika kila ninachosema. Nikainama kwenye dawati lake nikamuuliza kwa Kihaya, hiki changu cha kuokoteza kwa bibi yangu anayeishi Hamugembe, swali hili wewe umelielewaje?

Akatazama huku na huku, akanijibu kwa Kihaya, taratibu na kwa heshima: "Waitu mwalimu, value ni thamani. Sasa hii x inauzwa wapi?"

Hakuwa anatania. Alikuwa ameikuta hiyo maana kwenye kamusi, akakaa nayo wiki nzima akitafuta x inauzwa wapi.

Jamani, huyo ni mzito?

Nyumbani anaongea Kihaya. Shule ya msingi kasoma kwa Kiswahili. Kafika Form One, ghafla kila somo ni Kiingereza. Tatizo halikuwa hesabu kabisa.

Nikaanza kumweleza, darasa zima likageuka kusikiliza. Wakanicheka nilivyokosea maneno ya Kihaya, wakanisahihisha. Kwa mara ya kwanza walikuwa wanaongea!

Hapo ndipo monitor akasimama na kibao.

Kwa msiojua: ni kipande cha ubao chenye kamba. Ukikamatwa unaongea Kiswahili au Kihaya unavishwa shingoni, na jioni unafyeka majani wenzako wakienda nyumbani. Monitor alikuwa anatimiza kazi aliyopewa, simlaumu. Akamvisha Koku.

Koku akainamisha kichwa. Darasa likarudi kwenye ule ukimya.

Nikauliza: "Nani ameanza kuongea Kihaya humu ndani?"

Nikajijibu mwenyewe:

"Ni mimi. Lete hapa."

Nikamvua Koku kibao, nikajivisha mwenyewe, nikamalizia kipindi nacho shingoni. Kisha nikaingia nacho staff room.

Mwalimu wa taaluma akaacha chai yake. "Madam, vua hicho kitu. Unatuaibisha."

"Kama ni aibu kwangu, kwa mtoto ni nini?"

"Nyie wa fellowship mnakuja, mnapiga picha, mnaondoka. Mtihani ni wa Kiingereza. Utaenda kuwafanyia?"

"Watajibu wenyewe kwa Kiingereza. Lakini kwanza waelewe wanachoulizwa."

Akasimama. "Mimi nimekivaa hicho nikiwa mdogo kama wao. Na leo ni mwalimu."

Nikamuuliza: "Na wale uliokuwa unakaa nao dawati moja, wako wapi?"

Alikaa, akavuta kikombe chake, hakunywa.

Jioni nikafyeka. Kwa hijabu yangu na kibao changu, mikono ikatoka malengelenge. Wanafunzi walisimama mbali wananiangalia kama vile wameona mzimu.

Mambo yakawa makubwa. Mkuu wa shule, mama mmoja mkali lakini msikivu, akaniita na kunitaka niombe radhi assembly, au niondoke. Nikampigia msimamizi wetu wa fellowship nikitegemea anitetee. Akasema, "Mdogo wangu, omba msamaha yaishe. Shule ikitukataa tutapeleka wapi wengine?"

Hapo niliumia kuliko kwenye fyekeo. Hawa ndio waliotufundisha semina nzima kuhusu usawa katika elimu!

Nilirudi kwa mkuu nikamwambia: "Mama, sitaomba msamaha. Ukiniambia niondoke nitaondoka. Lakini mwite Koku kwanza, umuulize x ni nini."

Akamwita kweli. Koku akaanza kwa Kiswahili, akamalizia kwa Kiingereza cha kuungaunga: "X is the number we don't know yet, madam."

Mkuu alimtazama sana. Akamruhusu arudi darasani, akaniambia: "Baada ya masomo, fundisha unavyotaka. Anayetaka abaki. Mwisho wa muhula mwalimu wa taaluma atatunga mtihani, kwa Kiingereza. Tutaona."

Walibaki karibu wote. Tulikuwa tunaelewa kwa Kihaya na Kiswahili, kisha tunafanya mazoezi ya kusema na kuandika kilekile kwa Kiingereza. Wakati mwingine namuona mwalimu wa taaluma amesimama dirishani. Haingii, haondoki.

Mtihani ukaja. Sitawadanganya kwamba wote walifaulu. Wapo waliobaki chini. Lakini wengi walipanda, na hakuna aliyerudisha karatasi tupu. Koku alifaulu vizuri.

Mkuu akaondoa kibao Form One. Madarasa mengine kiliendelea, nakiri hapo nilishindwa.

Siku naondoka, mwalimu wa taaluma akanibebea begi mpaka kwenye bodaboda. Akasema, "Ukitaka kunibishia tena, rudi kama mwalimu. Siyo kwa mradi."

Maneno hayo yaliniganda.

Nilimaliza uhasibu wangu, nikakataa kazi ya Mwanza, nikaenda kusoma diploma ya ualimu. Nyumbani moto uliwaka. Baba aliniuliza mbele ya wageni: "Ualimu? Kwani umefeli wapi?"

"Sijafeli baba. Nimechagua."

Alininunia miezi. Baba mdogo bado hanipigii simu.

Leo nafundisha hesabu Muleba, shule nyingine. Mimi na wenzangu wawili wa ile fellowship tunazunguka kwenye vikao vya wazazi na bodi za shule kudai vibao viondolewe na watoto wa Form One wapewe muda wa kuvuka kutoka lugha moja kwenda nyingine. Shule kadhaa zimekubali. Kwingine tumefukuzwa kikaoni, na tutarudi.

Nilichojifunza: fellowship haikunifundisha kuwahurumia watoto wa kijijini. Ilinikalisha karibu nao mpaka nikajua nani anawaonea, na nikashindwa kurudi kukaa kimya. Kama wewe uko chuo na umepata nafasi kama hiyo, nenda. Ila usiende kuwa mgeni mpole.

Na wale mtakaokuja kuniuliza lini nitatafuta kazi ya maana, jibu langu ni kwamba kesho asubuhi nina vipindi viwili.

Uwanja ni wenu wakuu. Waliowahi kuvaa kibao waandike hapa, kwa lugha yoyote.