Usizikumbuke Dawa Zako

Wanafunzi ndio waliompa jina la Mwalimu Koma, na hakuna aliyejua kama lilitokana na ile alama ya kuandikia aliyoipenda kuliko chakula, au na neno alilokuwa akiwafokea nalo: "Koma! Koma kabisa kuniandikia upuuzi!" Alifundisha Kiswahili sekondari miaka thelathini na miwili. Akastaafu na kabati la kamusi, miwani nene na hasira za karibu. Mkewe alikuwa akisema kwamba mume wake anaweza kuvumilia paa linalovuja, ila si sentensi inayovuja.

Alidhani akistaafu atapumzika. Wapi! Mwaka haujaisha, chuo kikuu kilikuwa kimemgundua. Alianza daktari mmoja aliyetaka fomu ya ridhaa itafsiriwe, ile karatasi anayosaini mgonjwa kukubali kuingia kwenye utafiti. Daktari akamwambia mwenzake, mwenzake akamwambia wa idara ya pili, na baada ya miezi michache meza ya chumbani kwa Mwalimu Koma ikawa haionekani. Zilipita pale tafiti za watoto waliozaliwa kabla ya siku zao, za vijana wasiotaka kuoa, za wazee na upweke, za wakulima wanaosoma hali ya hewa kwenye simu, na hata moja ya mashine inayosikiliza kikohozi cha mtu na kusema kama ana kifua kikuu.

Tafiti zilitofautiana kama mbingu na ardhi, lakini karaha yake ilikuwa moja. Kila dodoso lilimalizika kwa vile visanduku vitano: nakubali sana, nakubali kiasi, sikubali wala sikatai, sikubali kiasi, sikubali kabisa.

"Mtu gani chini ya jua anakataa kiasi?" alimwuliza mkewe. "Umemwuliza mtu kama anampenda mkwewe, atakujibu 'nakubali kiasi'? Atakwambia, 'tunaishi naye hivyo hivyo.' Sasa hicho kisanduku kiko wapi?"

"Waandikie," alisema mkewe.

"Nimewaandikia mara nne. Wamejibu eti visanduku vimepimwa."

Hata hivyo alifurahi, tena sana, siku aliyoitwa kwenye utafiti mkubwa wa pamoja. Idara tatu ziliungana kusaidia wagonjwa wa presha wasiache dawa. Wa tiba alikuwa Daktari, mtu mpole asiyemaliza sentensi bila kutazama saa. Wa mambo ya jamii alikuwa mama mmoja mwenye begi zito ambaye kila mtu alimwita Mama Dodoso. Wa kompyuta alikuwa kijana mwenye kipara cha mapema, na huyo walimwita Fundi Programu. Wazo lenyewe lilikuwa zuri: mgonjwa anajiandikisha kliniki, na kila baada ya siku mbili simu yake inapokea ujumbe mfupi wa kumkumbusha na kumtia moyo. Mwalimu Koma alipewa jumbe sitini aziandike kwa Kiswahili. Alizifanyia kazi wiki sita, akazipeleka mwenyewe kwenye bahasha, kama mtu anayepeleka mahari.

Waliojiandikisha walikuwa mia tatu na kumi na wawili, na mmoja wao alikuwa dada yake.

Dada Mkubwa alikuwa na miaka sabini na mmoja, saba zaidi ya mdogo wake. Maisha yake yote ya kazi alikuwa karani wa mahakama. Alipiga chapa hukumu, hati za wito na amri za kuhama, na kutoka huko alitoka na imani moja isiyotikisika: kilichoandikwa na ofisi kinafuatwa, ukitaka kubisha utabisha baadaye kwa maandishi. Alimeza vidonge vyake kila asubuhi saa moja kamili, kama kengele.

Jumamosi moja Mwalimu Koma alikwenda kumsalimia. Alibisha hodi, hakuna jibu. Akasukuma mlango, akamkuta amekaa sakafuni kando ya sinki, mkono mmoja umeshika ukuta.

"Dada! Kulikoni?"

"Nyumba inazunguka," alisema. "Usinipigie kelele, kichwa kinagonga."

Alimwinua, akasimamisha teksi, wakafika kliniki. Nesi akamfunga mkono ile mashine ya kupimia presha, ikavimba, ikanywea, akaitazama namba, akapima tena. Mia moja na tisini na nane kwa mia moja na kumi na mbili.

"Mama, dawa unameza?"

"Nimeacha."

"Umeacha? Nani kakwambia uache?"

"Ninyi," alisema Dada Mkubwa, kama anayeshangaa kuulizwa. "Mmeniandikia wenyewe. Siku kumi na moja zilizopita."

Akatoa simu kwenye mkoba, akampa mdogo wake. Mwalimu Koma akapandisha miwani, akasoma: *Usizikumbuke dawa zako hata kama unajisikia vizuri.*

Alisoma mara tatu. Ya tatu alisoma kwa sauti kubwa mpaka nesi akamwuliza kama na yeye apimwe.

"Hii si yangu," alisema. "Wallahi hii siyo sentensi yangu!"

"Sasa mimi nilijua?" alisema Dada kutoka kitandani. "Ulisema ujumbe unaandika wewe. Nikasema, mdogo wangu amesoma, akisema nisizikumbuke ana sababu zake. Nikazifungia kabatini nisizione."

Walimlaza siku mbili mpaka presha ikashuka. Jumatatu asubuhi Mwalimu Koma alikuja kumchukua ampeleke nyumbani, Dada akakataa.

"Twende huko chuoni. Nataka kumwona aliyeandika."

Basi wakaenda, na hapo ndipo mwalimu alipojua maana ya kurushwa kama mpira. Daktari aliwapokea kwa heshima, akamshika Dada mkono, akasema amesikitika sana, akatazama saa. "Lakini Mwalimu, mambo ya ujumbe yako chini ya kitengo cha kompyuta. Sisi tunapima presha tu."

Wakapanda ngazi mpaka ghorofa ya tatu, Dada akipumzika kila baada ya vidato vitano. Fundi Programu akasema mfumo wake unatuma kilichomo, hauna akili ya kuchagua, na kilichomo kilipitishwa na watu wa jamii. Wakashuka. Mama Dodoso akasema yeye alipitisha orodha ya mwezi wa pili, na kama kuna orodha nyingine basi iko kwa kamati ya maadili. Wakavuka uwanja. Katibu wa kamati ya maadili, mtu nadhifu mwenye kalamu tatu mfukoni, akawasikiliza mpaka mwisho, akafungua droo.

"Poleni sana. Mjaze fomu hii ya taarifa ya tukio baya. Kamati inakutana Alhamisi ya wiki ijayo."

Mwalimu Koma aliitambua fomu kwa macho tu. Aliitafsiri yeye, mwaka juzi. Swali la kwanza lilisema: *Kwa kiwango gani unakubali kwamba tukio hili lilikuathiri?* Chini yake vile visanduku vitano.

Aliiweka mezani polepole. "Ndugu Katibu. Kuna watu mia tatu wameambiwa na hospitali wasizikumbuke dawa zao. Leo ni Jumatatu. Ukisema Alhamisi ya wiki ijayo, unataka niwaambie wasubiri kuanguka mpaka wapate nafasi kwenye ajenda?"

"Utaratibu, Mwalimu. Ujumbe wowote mpya lazima upitishwe na kamati. Hata wa kusahihisha."

"Na huu nao ulipitishwa?"

Dada Mkubwa, aliyekuwa amekaa na mkoba mapajani, akasogeza kiti. Alikuwa amewaona makatibu wa kila namna.

"Mwanangu," alisema, "huo utaratibu wako unakataza kutuma ujumbe. Unakataza kumpigia mtu simu?"

Katibu akafungua kitabu cha kanuni, akapekua, akafunga. "Kupiga simu hakukutajwa."

"Basi waite hao wenzako watatu."

Walikuja, na kwa mara ya kwanza tangu utafiti uanze walikaa wote chumba kimoja. Hapo ukweli ukatoka, na haukuwa mtamu kwa yeyote. Fundi Programu akafungua kompyuta na kuonyesha sentensi ya Mwalimu Koma ilivyokuwa: *Pasipo idhini ya tabibu, usithubutu kuacha kutumia dawa zako hata endapo hali yako itakuwa imetengemaa.*

"Tuliijaribu kwa wagonjwa ishirini," alisema Mama Dodoso, akimtazama mwalimu kwa huruma. "Kumi na wanne waliuliza 'kutengemaa' ni nini. Mmoja alidhani ni jina la ugonjwa."

"Mkanyamaza? Mngenipigia simu basi!"

"Tulikuogopa," alisema Fundi Programu kwa sauti ndogo. "Mara ya mwisho nilipokuomba ubadilishe neno, ulinifokea dakika ishirini."

Kwa hiyo kijana alichukua maneno ya Kiingereza, akayatia kwenye programu ya kutafsiri, ikampa Kiswahili chepesi kwa dakika moja. Kule kwenye Kiingereza palikuwa na neno lenye maana mbili, ya kukosa kitu na ya kumkumbuka mtu aliye mbali, lile lile ambalo vijana wamelifanya "nimekumisi." Mashine ikachagua ya mapenzi. Mgonjwa akaambiwa asizionee shauku dawa zake.

Mwalimu Koma alitaka kupasuka, asijue ampasukie nani. Alikuwa na hasira na mashine, na kijana, na Daktari ambaye hata sasa alikuwa akitazama saa. Lakini katikati ya hasira hizo kulikuwa na kitu kingine kinachochoma. "Endapo hali yako itakuwa imetengemaa." Angemwandikia dada yake hivyo kwenye barua? Hata siku moja.

"Tupeni hizo namba za simu," alisema.

Walipiga simu siku hiyo na kesho yake, watu sita: wale watatu wa chuo, nesi wa kliniki, mwalimu na dada yake. Katibu aliwaletea chai na karatasi, akajikuta naye amekamata simu. Wengine waliojibu walicheka. Mzee mmoja alisema, "Nizikumbuke nisizikumbuke, mimi ninajua? Mke wangu ndiye anayezikumbuka." Lakini tisini na wanne walikuwa wameacha, kama Dada, kwa sababu hospitali imesema. Simu ya mmoja, dereva wa lori mstaafu, ilipokelewa na binti yake. Baba yuko wodini tangu Ijumaa, alisema. Upande wa kulia umelegea na maneno hayatoki vizuri. Daktari ndiye aliyekuwa amepiga simu hiyo. Alipoiweka chini alivua saa mkononi akaitia mfukoni, akaenda wodini kwa miguu, na siku hiyo hakurudi ofisini.

Unaweza kudhani baada ya hapo watu walipata akili. Miezi mitatu baadaye Mwalimu Koma alitumiwa muhtasari wa matokeo autafsiri kwa ajili ya washiriki. Aya ya pili ilisema kwamba utafiti umethibitisha kuwa ujumbe wa simu una nguvu kubwa ya kubadili mwenendo wa wagonjwa, kwani karibu theluthi moja walitekeleza maelekezo ndani ya siku chache.

Alipanda zile ngazi mpaka ghorofa ya tatu bila kupumzika.

"Walitekeleza maelekezo gani?" aliuliza, karatasi ikipepea mkononi. "Hebu nisomee! Waliambiwa waache dawa, wakaacha, nanyi mnajisifu?"

"Kitakwimu ni matokeo yenye nguvu," alisema Fundi Programu, halafu akaona uso wa mwalimu. "Ila naelewa."

"Huelewi. Ungeelewa usingeandika. Yule dereva yuko kwenye theluthi yenu?"

Ilichukua wiki nne, vikao vitatu na barua moja ya Dada Mkubwa. Aliipiga chapa kimahakama, vifungu kutoka *a* hadi *h*, na kwenye kifungu cha mwisho akaomba apewe jibu kwa maandishi ndani ya siku kumi na nne. Aya ikaandikwa upya. Ikasema kosa lilikuwa nini, nani walihusika, wangapi waliacha dawa na nani aliumia. Daktari ndiye aliyeiandika, na alikataa isiwekwe mwishoni ambako watu hawasomi.

Utafiti uliporuhusiwa kuendelea, kamati iliweka sharti kwamba kila ujumbe usomwe kwanza na mgonjwa mmoja kabla haujatumwa. Wakamchagua Dada Mkubwa. Mwalimu Koma alidhani kazi itakuwa rahisi sasa kwa kuwa ni ndugu. Kumbe alikuwa hajaona kitu.

"'Inashauriwa' na nani?" Dada aliuliza, kalamu nyekundu mkononi, wamekaa sebuleni kwake. "Futa. 'Kwa mujibu wa.' Futa. Hii 'ikiwa na maana kwamba' inafanya nini hapa, imekuja kutembea?"

"Dada, hicho ni Kiswahili sanifu!"

"Mimi sikatai usanifu wake. Nakataa kuanguka tena kwenye sinki."

Alibishana naye siku nzima ile, akatoka mara mbili kwenda kupoza hasira nje, akarudi. Ujumbe aliokuja nao ulikuwa na maneno kumi na tisa. Uliobaki ulikuwa na manane: *Meza dawa kila siku. Hata ukijisikia mzima, meza.* Chini yake, kwa shauri la Mama Dodoso, waliweka namba ya simu ya mtu wa kuulizwa, na Dada alisema iwe yake, maana hana la kufanya asubuhi.

Ulitumwa Jumatano saa mbili. Kabla ya saa tatu walikuwa wamepiga simu watu ishirini na sita, mmoja mmoja, kuuliza kama safari hii ni kweli. Mwalimu Koma alikaa kwenye kochi, shavu mkononi, akisikiliza dada yake akijibu kila mmoja kwa sauti ile ile ya karani.

"Ndiyo, baba. Ni kweli. Hapana, hawajakosea. Nimesoma mwenyewe. Meza."