Kitambaa Hakirudi Kitupu

Harufu ya kitambaa cha jikoni kinachokaukia juu ya makala, makaa yetu ya kupikia, haijanitoka puani mpaka leo: sabuni ya mawese, moshi, na kitunguu kwa mbali. Butembo ni mji wa baridi na ukungu, na msimu ule wa mvua hakuna kilichokauka nje, basi jiko letu la mtaa wa Kimemi lilijaa vitambaa vilivyoning'inia kwenye kamba, nasi tukavipita tumeinama. Nilikuwa bado shule ya msingi, mtoto wa kwanza, ndiyo maana majirani walimwita mama kwa jina langu, Mama Masika. Vita vilikuwa vimeshazoeleka. Askari hawa waliondoka, wale wakaingia, na sisi watoto tulijua milio ya bunduki kabla hatujajua vizuri hesabu za kugawanya.

Mama alikuwa mtu mgumu kwa habari ya vitambaa. Balo la mitumba likifunguliwa sokoni, wanawake wenzake waliyarukia magauni. Yeye aliinama kutafuta mashuka yaliyochakaa, nepi za zamani na taulo zilizokatika katikati. Alilowesha kidole kwa mate, akakigusisha kwenye kitambaa, akangoja kuona kama kitakunywa. Wauzaji walichukia. Mmoja alimwambia akateme mate kwao, naye akajibu kwamba kwao ndiko alikojifunzia. Alivuta uzi, akakiinua kitambaa kuelekea mwanga, akakikunja ngumini. Vile vipya vinavyong'aa hakuvitaka hata kwa bure, kwa sababu vinasukuma maji badala ya kuyanywa, na ukishika navyo sufuria ya bukari, ugali wetu, vinayeyuka na kukuachia kovu. Kitambaa kizuri, alisema, ni kile kilichofuliwa mpaka kikasahau kiburi.

Jirani yetu ng'ambo ya ua alikuwa Mama Zaina. Walikuwa Waislamu, mume wake akiendesha lori lake kati ya Beni, Butembo na Kirumba, na mara nyingi magunia ya maharagi aliyonunua baba yangu huko Kirumba yalipanda lori hilo. Sisi tulikwenda misa, wao msikitini, na watoto tulikula pande zote mbili. Mtoto wao wa mwisho, Asha, alinifuata kila mahali akishika sketi yangu. Siku ya Idi Mama Zaina alituletea maandazi ya moto yamefungwa ndani ya kitambaa kizito cha pamba, chenye pindo la buluu, kilichofumwa vishimo vidogo kama sega la nyuki. Tulikula maandazi. Mama alikishika kitambaa, akalowesha kidole, akagusa. Tone lilipotea papo hapo. Nilimwona akitabasamu peke yake.

Kwetu chombo cha jirani hakirudi kitupu. Ukiletewa kitu ndani ya bakuli, bakuli litarudi na mayai, pwaro, yaani vitunguu vya majani, au hata ndizi mbili. Mkono mtupu haulambwi. Lakini wiki zile barabara ya Kirumba ilifungwa, baba akakaa nyumbani bila kazi, nasi tukawa tunakula sombe, majani ya muhogo, bila mafuta. Mama angeweka nini ndani ya kile kitambaa? Basi kikangoja. Na kilipokuwa kinangoja akaanza kukitumia, kwanza kwa vikombe tu, halafu kwa sahani, halafu kwa kila kitu. Nguo ya kuazima haisitiri matako, wanasema, ila hiyo ilikuwa inakausha sahani vizuri mno. Barabara ilipofunguka tukapata maharagi tena. Sababu ya kukaa nacho ikaisha, lakini kitambaa hakikwenda. Kila jioni mama alisema kesho.

Alasiri moja mawingu yalikuwa yameshuka mpaka kwenye mikaratusi, nasi tulikuwa jikoni, mama akifuta sahani kwa kitambaa kilekile. Tukasikia sauti kwenye ua: "Mama Masika! Hodi! Uko?" Mama akaganda. Aliangalia kitambaa mkononi mwake, akaniangalia mimi, akaweka kidole mdomoni. Aliona haya kukutwa nacho kimelowa, kina masizi, na maharagi yamejaa kwenye pipa. Mama Zaina akaita tena, na tena, mara ya mwisho kwa sauti ya chini. Kisha tukasikia kandambili zake kwenye matope zikirudi. Mama akashusha pumzi, akacheka kidogo, akasema kesho asubuhi atakipeleka bila kukosa.

Kesho yake mlango wao ulikuwa na kufuli. Askari walikuwa wamelitaka lile lori, na mume wake, aliyepata habari mapema, aliwapakia wote kabla giza halijaingia na kushika njia ya Beni kwa ndugu zake. Mama alisimama mbele ya kufuli na bakuli la maharagi mkononi. Toka siku hiyo hakufutia kitambaa kile hata kijiko. Alikifua, akakikunja, akakiweka sandukuni pamoja na nguo zetu za ubatizo.

Mapigano yalipotulia kidogo Mama Zaina akarudi. Mama alipiga kitambaa pasi ya makala, akafunga ndani yake maharagi na mayai, akanichukua tukaenda. Mama Zaina alikipokea kwa mikono miwili, akatoa vitu, akakigeuza huku na huku. "Hii ni yangu? Siikumbuke," alisema. Mama akaanza kueleza habari ya barabara na aibu ya kurudisha kitu kitupu. Mimi nilikuwa natazama nyuma yake, ndani ya nyumba, nikauliza Asha yuko wapi.

Mama Zaina hakulia. Alisema walimzika njiani, kabla ya kufika Beni. Halafu akamgeukia mama. "Siku ile nilikuya kukuita. Mutoto alikuwa na homa ya nguvu, na mvua ilikuwa inakuya. Nilitaka nikuachie ye. Nikaita, nikaita. Nikasema, Mama Masika hayuko. Kama angekuwako, angeitika."

Nilitaka mama aseme kwamba tulikuwa ndani, na niliogopa aseme. Akasema pole. Akasema pole tena. Mama Zaina akaingia ndani, akatoka na sukari, akaifunga ndani ya kitambaa kilekile, akakirudisha mikononi mwa mama akisema mwenye kukitunza ndiye mwenyewe, na hakiwezi kurudi kitupu. Tulipofika kwenye ua wetu mama alisimama, akasema bila kunitazama, "Hata leo sikuitika." Sukari ile hatukuila. Iliingiwa na sisimizi sandukuni.

Mama Zaina amefariki bila kujua, na sijui hata sasa kama kumwambia kungempunguzia kitu au kungemwongezea. Mama ni mzee, anaishi kwangu hapa Beni, mtaa wa Beu. Nina droo nzima ya vitambaa vya dukani vyenye picha za matunda, vingine havinywi maji hata kidogo, na mama havisemi vibaya tena. Anachukua chochote kilicho karibu. Ukali wake wote umeishia kwenye mlango. Mtu akipiga hodi, awe muuza makala au mtoto aliyepoteza mpira, mama ananyanyuka na magoti yake mabovu, anaacha sufuria iungue, anaitika kabla hajajua ni nani: niko, niko hapa! Wanangu humcheka sana bibi yao. Wanasema anaitika hata wanaoita nyumba ya jirani.