Haragwe la Dada Ng'ambo ya Mto

Asubuhi hii nimerudi kwetu Kirolirwe nikakuta ukungu umeshuka hadi kwenye vizingiti. Ng'ombe walisikika bila kuonekana. Usinicheke, rafiki yangu, lakini nilisimama njiani nikamtafuta chui.

Chui mwenyewe, tulipokuwa watoto, alikuwa gunzi la hindi. Jirani yetu, mwanafunzi, alikuja likizo kutoka Goma na mchezo wa kusimuliana vita: kila mtu ana shujaa wake, dadu ndiyo inayoamua. Tulicheza jikoni kwa nyanya, juu ya ungo, viazi vikiiva majivuni na mvua ikipiga mabati. Mto tuliuchora kwa mkaa. Mashujaa walikuwa maharagwe, na la dada yangu mkubwa lilikuwa jekundu lenye madoa.

Sheria moja niliichukia. Ukiwa ubavuni mwa adui ukageuka kuondoka, anakupiga papo hapo, hata kama si zamu yake. Ila asipokuona hawezi, maana atampiga nani?

Jioni ninayoikumbuka, kesho yake dada alikuwa anapelekwa kuolewa Kibua, kule Walikale. Maharagwe yetu yote yalikuwa yamekwisha kufa, limebaki lake tu, na chui pembeni yake ndani ya ukungu wa hadithi. Likifa, mchezo umekwisha. Nami kwa akili zangu za kitoto niliona dada naye atakuwa amekwisha, nikaanza kulia kabla dadu haijarushwa.

"Ukungu iko mukubwa," dada alisema. "Hanioni. Napita."

"Chui hana kazi na macho," akajibu jirani, aliyekuwa akimwendesha chui. "Anasikia harufu. Anakupiga."

Tukamgeukia nyanya, aliyekuwa akipuliza moto. Yeye alikulia machungani.

"Huyu mutu wako alilala wapi jana?" akauliza, akilinyoshea haragwe kidole.

"Pa moto ya ng'ombe, Nyanya."

Ule moto wa samadi unaowashwa zizini jioni kufukuza nzi, unajua, moshi wake hautoki nguoni hata ufue vipi. Sote tulinuka hivyo, hata kanisani.

"Basi iko nanuka moshi. Chui akisikia moshi, anajua watu iko karibu na moto yao. Yeye njo atajificha."

Jirani akakuna kichwa. Kitabu chake cha sheria, cha Kifaransa, hakikuwa na samadi. "Sawa, Nyanya. Apite bila pigo."

Kuishi kwingi ni kuona mengi, nyanya akasema, akarudia viazi vyake. Dada akalivusha haragwe, akaliacha ng'ambo, ukingoni mwa ungo.

"Musimutoshe pale, abaki tu. Nitakuya kumuendesha."

Nyanya akauweka ungo ule juu ya kichanja na kukataza usipepetewe. Alikuwa akiazima ungo kwa majirani, watu wakimcheka. Ulikuwa pale hata siku tuliyokimbia vita.

Leo jiko halipo. Pameota majani, ng'ombe wa watu wanakula. Nyanya tulimzika mbali na hapa, na njia ya kwenda Walikale imefungwa miaka mingi hata dada hajawahi kurudi. Nilikuwa nimesimama hapo, macho yananiwasha, simu ikalia. Ni yeye, amepanda kilima kutafuta rezo ya simu.

"Umefika kwetu?"

"Nimefika, dada."

"Na mutu wangu? Angali ng'ambo?"

Nikatazama majani, na ukungu uliotanda juu yake.

"Angali," nikamwambia. "Hakuna aliyemuona."