Simba Asiye na Kichwa

Jina la Chujio alipewa na mumewe siku ya kuachana, mbele ya ndugu wa pande zote mbili. "Mtazameni! Masikio matundu, nyusi matundu, ulimi kaupasua kama wa nyoka. Huyu si mke, ni chujio. Na kichaa juu!" Ndugu wakacheka. Dada yake mkubwa hakucheka, ila alifanya baya zaidi: tangu siku ile hakumpa tena mwanawe ampakate.

Miaka tisa Chujio alitembea na neno lile, kichaa, kama kijiwe ndani ya kiatu.

Kichaa gani? Yeye tangu utotoni damu yake ina haraka. Wenzake wakiruka kamba, yeye anaruka kutoka kwenye paa. Akikaa wiki nzima bila jambo la kumshtua moyo, anaona kuta zinamsogelea. Siku sindano ya tatuu ilipomwingia mara ya kwanza, kelele zote kichwani zilinyamaza. Basi akaifanya ndiyo kazi. Akafungua chumba cha kuchora tatuu: kiti cha kulaza, kioo, na kibao ukutani, UKISEMA BASI MARA TATU NAZIMA MASHINE. SIRUDII.

Alasiri moja akaingia binti mmoja kamkokota mchumba wake. Mchumba mwenyewe ni yule yule mume aliyemwacha, kitambi mbele. Kumwona Chujio, uso ukamshuka. Kugeuka hawezi, maana njia nzima alikuwa akijigamba.

"Kumbe mnajuana?" binti akauliza.

"Tuliwahi kukaa nyumba moja," Chujio akajibu. "Karibu, baba. Tukuchore nini?"

"Simba. Anaruka. Nyuma yake hapa tumboni, kichwa begani. Mkubwa!"

"Kibao umekisoma?"

"Mimi wa kusema basi? Chora, bwana!"

Chujio akambandika karatasi ya mchoro, akaibandua, simba mzima akatokea ngozini kwa wino wa zambarau. Akaanza chini kupanda juu, kama anavyowaanza wateja wote, ili mkono usifute mchoro uliobaki. Sindano ikatua kwenye makalio ya simba.

"Basi!"

"Moja."

"Ngoja kwanza, nivute pumzi… basi kidogo!"

"Mbili. Jikaze, mume wa watu, mkia unapendeza."

Binti akaziba mdomo. Mkia ulipofika mbavuni, jasho linatiririka, miguu inapiga kiti. "Basi! Mama wee, nakufa!"

Mashine ikazimwa. Chujio akachukua kitambaa chenye sabuni, akafuta bila haraka: macho, meno, manyoya ya shingo. Zambarau yote ikaondoka. Yakabaki makalio meusi na mkia.

"Nimalizie hata kichwa," mchumba akanong'ona. "Nakuomba."

"Nirudie? Kwani mimi kichaa?"

Binti alicheka mpaka akakaa sakafuni. Akatoa simu. "Usijifunike, mpenzi, nipige picha."

"Nirushie na mimi, mwanangu," Chujio akasema, akivua glavu. "Nina dada yangu lazima aione."