Mwalimu Aliyefuta Ubao

Mwalimu alikuwa mtu wa kichwa kigumu, na kustaafu hakukumlainisha hata kidogo. Ijumaa ile pikapu yake ilipochemsha na injini ikanoki katikati ya barabara, wakitoka hospitali, mkewe alikuwa ameshamwambia mara mbili kwamba ananusa kitu kinaungua. Yeye akamjibu kwamba ni lami ya jua kali. Basi alishuka, akafungua boneti, akaikodolea macho ile injini kama mtoto aliyeshindwa jedwali la kuzidisha la saba.

Mkewe alikuwa mgonjwa wa figo. Kila Jumanne na Ijumaa alikwenda kusafishwa damu kwa mashine, saa nne nzima kitini, na akikosa huvimba miguu na kuishiwa pumzi. Pikapu ndiyo iliyompeleka. Kwa hiyo kufa kwa injini hakukuwa mzaha, na Mwalimu alilijua hilo kuliko alivyokubali kusema.

Makanika wa mtaa wa pili, aliyewahi kuwa mwanafunzi wake, alimtafutia injini iliyotumika lakini nzima.

"Niachie mimi, Mwalimu. Siku mbili tu unaiwasha."

"Nimefundisha hesabu miaka thelathini na moja. Nitashindwa na boliti?"

Makanika alicheka kwa adabu, akamwazima mnyororo wa kunyanyulia, akaenda zake. Maishani mwake Mwalimu alikuwa amebadilisha tairi mbili na balbu moja.

Bandani alisimamisha ubao mweusi aliopewa na shule siku ya kuagwa. Kila boliti aliyoitoa aliitia kwenye kopo lenye namba, na ubaoni akaandika kwa chaki: namba moja, rejeta; namba mbili, mikono ya injini; hivyo hivyo mpaka ishirini na tatu, na mishale yake. Kazi ilikuwa safi. Ungempa alama zote.

Jirani yao, muuza magodoro, alijitolea kumpeleka mgonjwa.

"Shemeji nitampeleka mimi. Kwani gari la magodoro si gari?"

Mwalimu alishukuru, na moyoni akashusha pumzi. Tuseme ukweli wake: alikuwa mwoga. Kwa miezi minane alikuwa akimshusha mkewe mlangoni kisha anabaki garini na gazeti lake mpaka amalize. Mara moja tu alichungulia dirishani, akaiona damu ya mkewe ikizunguka kwenye mirija, akarudi garini mbio. Sasa alikuwa amepata kisingizio cha heshima, kisingizio chenye grisi mpaka kwenye viwiko.

Mkewe alikuwa akirudi midomo imemkauka, anatembea kwa kushika ukuta.

"Mama, njoo uone! Klachi imekaa!" Mwalimu alimwita kutoka bandani.

"Nimeona," alisema, bila kugeuza shingo. Siku nyingine alimuuliza, "Ijumaa utakuja?"

"Nikimaliza hii."

Jumatano ya wiki ya tatu injini mpya ilikuwa imeshashuka mahali pake, na kilichobaki kilikuwa kufunga vilivyofunguliwa. Mwalimu alimaliza kazi ya siku, akakung'uta mikono, akachukua kitambaa na kuufuta ubao wote, juu mpaka chini, pembe hadi pembe. Miaka thelathini na moja hakuwahi kutoka darasani akaacha ubao mchafu. Alikuwa ameshashika mlango wa banda alipogundua alichofanya.

Alikaa chini sakafuni. Makopo yalikuwa na namba zake, ila namba ipi ni ya nini, hakuna ajuaye.

Mtu mwingine angekimbia kwa makanika. Mwalimu aliona aibu ikimla, akakisia. Ilipofika zamu ya propela, lile bomba refu linalopeleka nguvu kwenye magurudumu ya nyuma, alikuta makopo mawili yenye boliti zinazofanana, za kopo moja fupi kidogo kuliko za jingine. Akachagua fupi. Ziliingia, zikakazika, naye akajipongeza kwa sauti.

Alhamisi injini iliwaka. Mwalimu alirukaruka uani mpaka ndala ikakatika.

Ijumaa akasema, "Leo dereva ni mimi." Muuza magodoro hakubishana, ila aliwafuata nyuma na gari lake, akidai eti ana safari ya huko huko.

Walikuwa wamefika nusu ya njia uliposikika mlio wa chuma chini yao, kisha kishindo. Boliti zile fupi zilikuwa zimejifungua, propela imeanguka upande mmoja, inaburuzika kwenye lami. Gari likasimama. Mwalimu alikwishajitupa uvunguni kabla vumbi halijatulia.

"Nendeni nyie!" alisema kutoka huko chini. "Nikiliacha hapa watalinyofoa lote."

Muuza magodoro alikuwa amefungua mlango wa gari lake. Mgonjwa hakuingia. Aliinama, kwa shida, mkono mmoja kifuani.

"Mwalimu. Mara tano nimekaa kile kiti, wewe uko bandani. Kabla ya hapo ulikuwa nje na gazeti. Hilo gari unalilindia nani?"

Mwalimu alitoka uvunguni, suruali imechanika gotini, akapanda gari la magodoro. Aliona haya mpaka masikio yakamwaka moto.

Mlangoni mwa chumba cha mashine muuguzi alimpokea mgonjwa mkoba wake, akamchangamkia muuza magodoro.

"Baba, leo mmechelewa! Haya, mkalishe mama." Kisha akamwona Mwalimu. "Samahani mzee, wageni wanasubiri nje. Hapa anaingia mume tu."

Muuza magodoro aliangalia viatu vyake. "Mimi ni jirani, dada," alisema taratibu.

Muuguzi akabaki anawatazama wote watatu.

"Ni huyu," alisema mkewe, kwa sauti iliyochoka. "Mpe kiti."

Mwalimu aliketi kando yake. Muuguzi alifunga mpira mkononi mwa mgonjwa, akatoa sindano ya kwanza kwenye pakiti, nene kuliko Mwalimu alivyodhani. Mwalimu akafumba macho.

"Fumbua," mkewe alimwambia.