Kidimu wa Chumbani kwa Mkwe

Pale Chumbageni palikuwa na maneno, nami niliyameza mazima bila maji: kuku wa mchezo wa kwenye simu akizaliwa na manyoya laini, halafu akapevuka kidimu, basi mganga ameshaagiza roho ya mtu wa nyumba hiyo. Usicheke. Kidimu unamjua, yule kuku wa manyoya yaliyopinduka kama aliyepigwa na upepo kwa nyuma, anayetakiwa na waganga wote kuanzia Horohoro mpaka Pangani. Na haya yametokea kweli, nyumbani kwangu, mchana kweupe, na mimi ni mtu niliyemaliza kidato cha nne kwa masomo ya jioni, bayolojia nikiijua kuliko mwalimu.

Mke wangu Zuhura alikuwa na mimba ya kwanza. Mama yake akaja kutoka Pangani kumsubiria uzazi, kama ilivyo desturi. Mimi na Zuhura tulikuwa tunafuga kuku wa simu: unamlisha, anakua, unampandisha na jogoo wa mwenzako, anataga. Tetea wa Zuhura, aliyempata kwa mama yake, alikuwa mweupe, laini kama pamba. Jogoo wangu mwekundu, laini vilevile, mkubwa hata simu ilikuwa nzito mfukoni. Wakazaa kifaranga mweupe, mzuri wallahi.

Mimba ilipofika mwezi wake, kifaranga naye akapevuka. Asubuhi nikafungua simu ya Zuhura, nikakuta manyoya yote yamepinduka. Baba si kidimu, mama si kidimu. Ametoka wapi? Nikalitazama tumbo la mke wangu, nikahisi langu ndilo linalotaka kuzaa.

Ungefanya nini? Tetea alitoka kwa mkwe, lakini kumuuliza siwezi. Mimi hata kumtazama usoni naona haya; nikimwamkia shikamoo natazama vidole vyake vya miguu.

Siku hiyohiyo saa saba mchana, saa ambayo kwetu watoto hukatazwa kucheza uani kwa ajili ya hao wapitaji wasioonekana, Zuhura amelala, nikasikia jogoo anawika chumbani kwa mkwe. Nyumba yetu haina kuku hai hata mmoja. Nikachungulia kwenye pazia. Mama amekaa mkekani, kanga kichwani, amenipa mgongo, ameinamia mwanga. Anasema polepole, "Umeshapevuka, mwanangu. Sasa rudi kwetu. Nimekungoja sana."

Na juu ya bega lake, kwenye kioo cha simu yake, alikuwa kidimu yuleyule. Kidimu akanigeukia, akanitazama. Niamini. Nywele zilinisimama na nadhani hazijalala mpaka leo.

Nikakimbilia chetezo, nikaingia nacho kinafuka ubani. Nikafukiza mkeka, nikafukiza simu, nikapaza sauti mtaa mzima ukasikia: "Mama, unayemngoja ni kuku, au ni Zuhura?"

Jirani akasema nyuma ya ua, "Makubwa haya. Anamwita mkwewe mchawi."

Mama aliinuka. Alikunja kanga zake, akachukua mkoba, akaondoka. Zuhura alipoamka aliniuliza neno moja tu, "Umemfanya nini mama yangu?" Uchungu ukamshika usiku uleule. Alijifungua kashikwa mkono na jirani, akimwita mama yake, na mimi nje nimesimama kama mlingoti. Mtoto mzima, wa kike. Hakuna aliyeagizwa na mtu.

Tangu hapo nikipita kijiwe cha kahawa wananiwikia. Hilo nalimudu. Nisilolimudu ni hili: mama huja kumwona mjukuu, lakini kwangu hali chakula, maji hanywi, na sasa ni yeye asiyenitazama usoni. Nawe unayesoma, ukiona kitu cha kukutisha nyumbani kwako, uliza kwanza. Ubani hauharibiki ukiuacha siku mbili.

Mimi niliuliza nimechelewa. Nilimfuata Pangani kuomba radhi, nikamkuta anakuna nazi. Nikapiga magoti, nikamuuliza kidimu yule alitoka wapi. Hakusimamisha mkono.

"Kuku wangu wa kwanza alikuwa kidimu," alisema. "Tetea wa Zuhura ni mtoto wake. Kwa mtoto umbo la kidimu lilijificha, kwa mjukuu likatokea alipopevuka. Ndivyo mchezo wenyewe ulivyo. Wangu alishakufa, nikamwomba Zuhura anitumie huyu, akanitumia asubuhi ile. Ungeniuliza, baba, ningekwambia."